Nilikula Fedha za Kikundi, Sasa Mtoto Amekufa: Je, Hii ni Fimbo ya Mungu?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu.

Nina miaka 38, ni mke na mama wa watoto wawili, na nimeokoka tangu usichana. Miaka tisa iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kwa muda wa miezi minne nilichukua fedha za kikundi kidogo kidogo nikijiambia nitarudisha. Sikurudisha. Nilipoulizwa nilisema kuna wanachama wawili hawajamaliza michango yao, na vitabu vikafungwa hivyo. Kikundi kipo mpaka leo. Nimemwomba Mungu msamaha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini sijamwambia mwanadamu yeyote, hata mume wangu.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wa miezi saba akiwa amekwisha kufa. Haikupita miezi mitatu, mume wangu akagundulika figo zake zimeshindwa, na sasa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mwaka huu nami nimepunguzwa kazini.

Mama mmoja wa maombi ninayemheshimu sana alinisomea Waebrania 12:6, kwamba Mungu humrudi yule ampendaye, akaniambia nitafute dhambi iliyojificha maana mapigo matatu mfululizo si bure. Akanipa mfungo wa siku 21. Nimemaliza miwili, sasa niko kwenye wa tatu, na kizunguzungu kinanishika nikisimama. Ameshauri pia tusiitegemee sana hospitali mpaka mlango wa dhambi ufungwe. Sikumwambia kwamba dhambi yenyewe ninaijua. Kila nikifika kwenye habari za Daudi na mtoto wa mke wa Uria, ninafunga Biblia.

Maswali yangu ni haya. Je, mtoto wangu alikufa kwa sababu ya fedha zile? Kama Mungu alikwisha kunisamehe, kwa nini anapiga? Mtu anajuaje kwamba haya ni marudi ya Mungu na si shida za dunia tu? Na la mwisho, watu wananiambia nisilie kwa sababu tutaonana mbinguni. Naamini mbingu ipo, ila maneno hayo hayanigusi tena. Tumaini la milele lina kazi gani kwa mtu anayelia leo?

Naomba unijibu bila kunibembeleza.

Mimi, Mama wa Watatu

JIBU

Amina, dada yangu. Umejiita mama wa watatu, nami nitakuandikia kama mama wa watatu. Pole sana.

Kuna mambo mawili yasiyoweza kusubiri. La kwanza, huo mfungo ukatishe leo. Unywe maji, uanze na chakula chepesi kidogo kidogo, na ukamwone daktari umweleze umefunga siku ngapi na kwa namna gani, kwa sababu mwili uliokaa bila chakula muda mrefu haurudishwi kwa sahani kubwa ya ghafla. La pili, mume wako asikose hata siku moja ya kusafishwa damu. Figo zikishindwa, maji na taka hubaki mwilini, na madini ya potasiamu yakizidi yanaweza kuusimamisha moyo bila onyo. Hakuna andiko linalomtaka mgonjwa aache tiba mpaka mtu mwingine atubu. Mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona na kuongezewa miaka 15, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uletwe ukawekwa juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:5-7). Ahadi na dawa zilikaa chumba kimoja.

Sasa tuje kwenye mstari uliosomewa. Ni mstari wa kweli, lakini ulipewa nusu yake.

Neno kumrudi mtu, katika Kiswahili cha Biblia yetu, ni kumweka sawa anapokwenda kombo, kama mzazi anavyomrudi mwanawe. Kulipiza kisasi ni kitu kingine. Mwandishi wa Waebrania anatumia neno la Kigiriki paideia, lililotokana na neno la mtoto, na maana yake ni malezi yote kwa ujumla: kufundishwa, kuelekezwa, kukemewa, na ndiyo, hata kuchapwa. Alikuwa ananukuu Mithali 3:11-12, ambako Kiebrania kina neno musar, malezi yenye maonyo. Ukilinganisha utaona tofauti: Mithali inamalizia kwa kusema kama baba amrudivyo mwana ampendezaye, lakini Waebrania inasema humpiga kila mwana amkubaliye. Sababu ni kwamba mwandishi alinukuu tafsiri ya kale ya Kigiriki, na inaonekana wafasiri wale waliziona herufi za Kiebrania zinazokaribiana sana wakasoma neno la kuumiza mahali pa neno la baba. Maumivu yamo humo, sitayafuta. Lakini anayeyashika ni baba, na mwana huyo tayari amekwisha kukubaliwa.

Tatizo jingine ni la lugha yetu. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka inasema katika Waebrania 12:11 kwamba kila adhabu wakati wake haionekani kuwa kitu cha furaha. Katika 1 Yohana 4:18 inasema hofu ina adhabu. Kwetu ni neno moja. Kwa Kigiriki ni mawili: la Waebrania ni lile lile paideia, malezi, la Yohana ni kolasis, mateso ya mwenye hatia. Msomaji wa Kiswahili akikutana na adhabu huku na adhabu kule huyaunganisha, na ndipo mtu aliyeokoka anaanza kuishi kama mfungwa anayesubiri viboko vilivyobaki. Nakushauri kila ukisoma adhabu katika Waebrania 12, useme moyoni malezi, kisha uendelee. Sura nzima itabadilika sauti.

Halafu angalia barua ile iliandikiwa nani. Sura ya 10:32-34 inawataja: watu waliotukanwa hadharani, walionyang'anywa mali zao, waliokwenda kuwaona wenzao gerezani. Waliteseka kwa sababu ya imani, kwa kutenda mema. Hao ndio walioambiwa Mungu anawatendea kama wana. Mwandishi anawahimiza waweke kando dhambi ili wakimbie vizuri, lakini hasemi hata mara moja kwamba mateso yao yaliletwa na dhambi, wala hawaagizi waitafute. Kwa hiyo andiko kuu la Agano Jipya kuhusu marudi haliwezi kutumika kama tochi ya kumulikia kosa lililoleta msiba.

Jambo hilo hilo liko wazi zaidi katika Ufunuo. Makanisa saba yanaandikiwa. Smirna wana dhiki, ni maskini, wengine wanakaribia kutupwa gerezani, na hawapati kemeo hata moja. Laodikia wana mali, wanasema hawahitaji kitu, na hao ndio wanaoambiwa, "Wote niwapendao mimi nawakemea, na kuwarudi" (3:19). Neno la kurudiwa lilikwenda kwenye nyumba yenye raha. Anayepima hasira ya Mungu kwa wingi wa misiba angebandika barua ya Laodikia kwenye mlango wa Smirna.

Na kosa hilo lina jina katika Biblia. Linaitwa Elifazi. Katika Ayubu 5:17 Elifazi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu, anamwambia kwamba ana heri mtu ambaye Mungu humrudi, asiudharau kurudiwa kwake Mwenyezi. Linganisha na Mithali 3:11: ni fundisho lile lile, halina kasoro. Lakini mwisho wa kitabu, 42:7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili kwa sababu hawakunena yaliyo sawa. Walitakiwa kutoa ng'ombe saba na kondoo saba waume, na Ayubu ndiye awaombee. Neno la kweli lilipelekwa kwa mtu asiye wake. Rafiki hao walikuwa sahihi siku saba za kwanza walipokaa naye chini bila kusema kitu (2:13). Waliharibu walipofungua kinywa kueleza sababu.

Daudi sasa. Najua ndipo Biblia yako inapofungwa, kwa hiyo tuisome pamoja, 2 Samweli 12, polepole.

Kabla mtoto hajaugua, Mungu alimtuma nabii. Nathani alitaja kosa kwa jina: Daudi alimuua Uria kwa upanga na kumchukua mke wake. Daudi hakuachwa akisie. Alipokiri, Nathani alisema palepale kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa. Msamaha ulitangulia ugonjwa. Kisha akaambiwa wazi kwamba mtoto atakufa, na sababu ikatajwa. Hili ni andiko gumu, na sitalilainisha. Mtoto yule alikufa kwa tangazo la Mungu lililohusishwa na tendo la baba yake. Lakini tunajua hivyo kwa kitu kimoja tu: Mungu alisema. Ondoa kinywa cha nabii, na hakuna mtu pale jumbani angekuwa na haki ya kuunganisha kitanda cha mtoto na dhambi ya mfalme.

Wewe hukuletewa Nathani. Uliletewa mstari na hesabu ya mapigo matatu. Wanafunzi wa Yesu walijaribu hesabu hiyo mbele ya kipofu wa Yohana 9: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili. Alipopashwa habari za Wagalilaya waliouawa, mwenyewe akaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine, akajibu sivyo (Luka 13:1-5). Na Ezekieli 18:20 inaweka kanuni: mwana hatauchukua uovu wa baba yake.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili. Hakuna neno la Mungu linalosema mtoto wako alikufa kwa ajili ya fedha zile, na pasipo neno la Mungu hakuna mtu mwenye ruhusa ya kulisema, wewe ukiwamo. Watoto hufia tumboni kwa sababu ambazo madaktari wanaweza kuzichunguza: kondo la nyuma, shinikizo la damu, kitovu, maambukizi, maumbile. Kama hukupewa maelezo, una haki ya kuyaomba, na ni muhimu pia kwa afya yako mbele ya safari.

Soma sura ile mpaka mwisho wake, ambako nadhani hujawahi kufika. Mtoto alipokufa siku ya saba, Daudi aliinuka chini alipokuwa amelala. Akaoga. Akajipaka mafuta. Akabadili nguo, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, akarudi kwake akaomba chakula, akala. Watumishi walishangaa. Hakufunga tena ili alipe. Alisema, "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi." Kisha mistari miwili mbele, mtoto mwingine anazaliwa kwa mama yule yule, na Mungu anamtuma nabii yule yule, Nathani, safari hii kuleta jina: Yedidia, maana yake mpendwa wa Bwana. Mlango ule ule aliopita na kemeo, akapita nao na jina la upendo.

Swali lako la pili: kama alisamehe, anapiga nini tena? Hapa kuna neno moja la kushika. Isaya 53:5 inasema adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake. Neno la Kiebrania pale ni musar, lile lile la Mithali 3. Kipigo kinacholeta amani kati yako na Mungu kilikwisha kumwangukia mwingine. Ndiyo maana Paulo anaweza kusema katika Warumi 8:1 kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Kwa hiyo Mungu akikurudi leo, hadai malipo. Akidai tena angekuwa anatoza deni moja mara mbili. Kinachobaki ni malezi, na lengo lake limeandikwa katika Waebrania 12:10: kwa faida yetu, ili tuushiriki utakatifu wake. Na Maombolezo 3:33, iliyoandikwa baada ya Yerusalemu kuteketezwa, inasema moyo wake hapendi kuwatesa wanadamu. Mji ule kweli ulikuwa umerudiwa, manabii walikwisha kuonya miaka mingi, na bado mwombolezaji anajua kwamba mkono ule haukufurahia.

Namna ya kutambua sauti ya marudi ni hii: hutaja jambo moja na kuonyesha pa kwenda. Kwa kanisa la Efeso katika Ufunuo: umeacha upendo wako wa kwanza, kumbuka, tubu, ukayafanye matendo ya kwanza. Unaweza kuliandika kwenye karatasi na kulifanya kesho. Sauti ya mshitaki wa Ufunuo 12:10, yaani Shetani, haina kichwa wala miguu. Inasema wewe ni mbaya, kuna kitu, tafuta tena, funga tena. Paulo anaiita ya kwanza huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, iletayo toba isiyo na majuto, na ya pili huzuni ya dunia, ifanyayo mauti (2 Wakorintho 7:10).

Sasa pima barua yako kwa kipimo hicho. Umesema dhambi yenyewe unaijua. Miaka tisa jambo moja linataja jina lake ndani yako, na linaonyesha pa kwenda: kwa akina mama wa kikundi. Hayo, dada yangu, ndiyo marudi ya Mungu kwako. Yalikuwapo kabla ya mimba ile, yangekuwapo hata kama mtoto angezaliwa mzima na mume wako angekuwa na afya. Fungua fundo hilo. Msiba ni msiba, uulilie. Deni ni deni, ulilipe. Ukivifunga pamoja, utalipa deni ukitegemea msiba uondoke, na usipoondoka utaona msamaha nao ni uongo.

Katika kulipa, Torati ina vipimo. Hesabu 5:6-7 inamtaka mkosaji aungame, arudishe kiasi chote, aongeze sehemu ya tano, na ampe yule aliyemkosa. Yaani ukichukua 100 unarudisha 120. Zakayo mtoza ushuru alijipimia mara nne. Huko chini ya Torati ile kama Israeli wa kale, lakini sehemu ya tano ni kipimo kizuri, hasa ukizingatia kwamba fedha zile zingezaa riba kikundini kwa miaka tisa.

Anza na mume wako. Chagua siku ambayo hajatoka kusafishwa damu, maana siku hiyo mgonjwa huwa amechoka sana, na mwambie kiasi kamili. Kosa linalofanyika hapa ni kupunguza tarakimu kwa aibu. Wiki mbili baadaye unalazimika kukiri upya, na ungamo la pili huvunja imani kuliko la kwanza. Kisha andika: mwezi gani, kiasi gani kwa kadiri unavyokumbuka, jumla, nyongeza. Nenda kwa mwenyekiti wa sasa, awepo na shahidi mmoja mwenye kutunza siri, na mseme mpango wa malipo. Huna kazi, kwa hiyo malipo ya kila mwezi yawe madogo lakini yasikatike; ahadi kubwa inayovunjika mwezi wa pili itawaumiza upya. Wakitaka hatua za kisheria, hiyo ni haki yao, na unaweza kupata ushauri wa mwanasheria kabla ya kutia sahihi kitu.

Kuna deni la pili ambalo umelitaja kwa kupita tu. Ulisema wanachama wawili hawakumaliza michango. Akina mama hao wawili wamebeba jina baya kwa miaka tisa. Hili lisafishwe kwanza, kabla ya shilingi ya kwanza kurudi, na lisafishwe pale pale lilipochafuliwa: kwenye kikao, kwa maneno ya wazi kwamba walilipa na wewe ndiye uliyechukua. Usiseme shetani alikupitia. Sema nilichukua, nikadanganya. Kama mmoja wao amekwisha kufariki, Hesabu 5:8 inaelekeza kwa jamaa yake wa karibu. Nenda kwa familia.

Na usitoe fedha hizo kanisani badala yake. Wengi hufanya hivyo, huongeza sadaka kimya kimya wakiona wamelipa. Sadaka haiwalipi watu walioibiwa. Yesu alisema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, uende kwanza (Mathayo 5:23-24). Wala haikulazimu kushika kipaza sauti mbele ya kanisa lote. Ungamo liende mpaka pale kosa lilipofika, lisivuke.

Nimebakiza swali lako la tumaini, nalo ndilo lililonikalia moyoni zaidi.

Wanaokuambia usilie wanaikosea Biblia. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini (1 Wathesalonike 4:13). Hakuwakataza kuhuzunika. Yesu alikwisha kumwambia Martha kwamba Lazaro atafufuka, alijua baada ya muda mfupi atamwita kaburini mtu aliyekaa siku nne, na bado alilia. Kama tumaini lingekausha machozi, yeye asingelia. Maombolezo nayo yana tumaini katikati kabisa, sura ya tatu, kisha yanarudi kwenye kilio na kumalizika bila faraja iliyokamilika. Mungu aliacha kitabu hicho hivyo hivyo.

Sababu moja ya maneno ya mbinguni kutokugusa ni kwamba yanasemwa kama habari ya kuhama: tutaondoka, tutaonana. Tumaini la mitume ni zito kuliko hilo. Ni mwili kufufuliwa. Warumi 8:23 inataja ukombozi wa mwili wetu. 1 Wakorintho 15 inaufananisha na mbegu: kilichozikwa ndicho kinachoota, kwa sura nyingine. Kristo ni limbuko, tunda la kwanza la shamba lile lile. Maana yake figo za mume wako si takataka ya kutupwa njiani kuelekea mbinguni, na mwili mdogo uliouzika haukutoka katika hesabu ya Mungu. Biblia haina sura inayoeleza kwa urefu habari za watoto wanaofia tumboni, lakini ina Zaburi 139:16, kwamba macho yake yalituona kabla hatujakamilika, na ina swali la Ibrahimu katika Mwanzo 18:25, kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki. Hapo unaweza kumweka mtoto wako bila hofu.

Paulo aliita dhiki yake nyepesi, ya kitambo tu (2 Wakorintho 4:17). Ukimsikia mtu mwenye raha akisema hivyo unakasirika, na ni sawa. Lakini soma sura ya 11: mara tano alichapwa viboko 39, jumla 195, mara tatu kwa fimbo, akapigwa mawe mara moja, merikebu ikavunjika mara tatu. Hakusema nyepesi kwa sababu haikuuma. Alikuwa na mizani: upande wa pili aliweka utukufu wa milele, na neno alilotumia hapo kwa Kigiriki ni uzito wa utukufu. Tumaini linafanya kazi ya jiwe la mizani. Haliondoi mzigo ulio upande huu, linauzuia usiangushe mizani yote.

Ndiyo maana pia tumaini la kweli halikupi tarehe ya karibu. Hanania, nabii wa uongo, aliwaahidi watu kwamba katika miaka miwili kila kitu kilichochukuliwa Babeli kitarudishwa. Nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli kwamba ni miaka 70, wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, waombee mji walimo (Yeremia 28 na 29). Mawazo ya amani ya Yeremia 29:11, mstari ambao kila mtu anaupenda, yamo ndani ya barua hiyo ya miaka 70. Ukiahidiwa kwamba siku ya 21 mambo yatageuka, umepewa kalenda ya Hanania.

Na ule mwisho wenyewe, Ufunuo 21:4, hausemi machozi yatakoma kwa jumla. Unasema atafuta kila chozi. Moja moja. Ili kufuta chozi la mtu lazima mkono ufike usoni pake. Ni mkono ule ule ambao sasa unauogopa.

Kuhusu mama wa maombi, usigombane naye. Mshukuru, mwambie umekatisha mfungo kwa ushauri wa daktari, na mwombe asome nawe Waebrania 12 mpaka mstari wa 12 na 13, ambako baada ya habari yote ya kurudiwa waamini wanaagizwa kunyosha mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza, ili kilicho kiwete kisipotoshwe, bali afadhali kiponywe. Hiyo ndiyo kazi yake kwako. Mpe siku ya kukaa na watoto mume akiwa hospitali. Huko ndiko kuyanyosha magoti yaliyopooza.

Kuomba kukikushinda, soma Zaburi ya 88 kwa sauti, asubuhi na jioni, kama ilivyo. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu na kuishia gizani, wala hakuna mtu aliyeirekebisha. Na kama giza hilo likifika mahali pa kutamani usiwepo, usilale nalo usiku mmoja. Mwambie mume wako na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Kikao na mwenyekiti kikipangwa, tuandikie tarehe, tukuombee siku hiyo.